Chagos: Mwingereza alikuwa na haki ya kuimega Mauritius?

Mleta mada: Wakuu, Uingereza iliitwaa Mauritius kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, na mkataba wa Paris wa 1814 ukaithibitisha pamoja na visiwa vilivyo chini yake, Chagos ikiwemo. Novemba 8, 1965, koloni likikaribia uhuru wa Machi 1968, Chagos ikamegwa ili Wamarekani wapate kambi ya kijeshi Diego Garcia, kisiwa chake kikubwa kuliko vyote. Mauritius ikapozwa kwa paundi milioni 3.

Nasema ile ni dhuluma. Watetezi hujibu kwamba Ramgoolam, kiongozi wa Mauritius, aliridhia. Aliridhia akiwa wapi? London, Septemba 1965, mbele ya Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, ambaye katibu wake alikuwa ameshamwandikia karatasi ya kumshauri: mtie matumaini kwamba uhuru ataupata, na hofu kwamba huenda akaukosa. Anayekushikia mlango akikuomba ng'ombe wako, ombi liko wapi hapo?

Kasuku: Umeruka ukurasa, mkuu. Hata Shelisheli ilitawaliwa kutoka Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, hadi 1903, ilipofanywa koloni la peke yake. Mbona Mauritius haidai Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli? Mkoloni alipanga visiwa kama karani anavyopanga mafaili. Port Louis hadi Diego Garcia ni zaidi ya kilomita 2,000 za maji matupu. Kukaa faili moja si kuwa nchi moja.

Mleta mada: Tofauti ni tarehe. Mwaka 1960 Umoja wa Mataifa ulishapitisha azimio 1514 linalopinga kukatwa vipande kwa nchi zinazodai uhuru. Ndiyo maana Februari 25, 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chini ya Msomali Abdulqawi Yusuf, ilitoa maoni kwa kura 13 dhidi ya 1 kwamba kuitenga Chagos hakukuwa halali. Halafu kumbuka: mwaka ule ule wa 1965 Shelisheli nayo ilinyofolewa visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches. Ilipopata uhuru 1976 ikarudishiwa vyote vitatu. Havikuwa na kambi.

Mzee wa Mwambao: Wanangu, mbali mnaona, karibu hamwoni. Ule ukanda wa maili kumi, Mombasa hadi Lamu, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Oktoba 1963 Waingereza, Zanzibar na Kenya wakatia saini London, ukaenda Kenya, na Desemba Zanzibar ikajitawala bila mwambao wake. Nao mtauita dhuluma?

Mleta mada: Shikamoo mzee. Hilo lina uzi wake, nisije nikachomeka mkono kwenye mzinga. Ila watu wa Mombasa walibaki majumbani mwao, na makadhi wao wakabaki.

Bi Mkunazini: Hapo sasa. Nyote mnagombania ramani. Kati ya 1968 na 1973 Wachagosi waliondolewa wote, watu wasiopungua elfu moja na mia kadhaa, wengi wao wajukuu wa watumwa wa Msumbiji na Madagaska walioletwa kwenye mashamba ya minazi. Mbwa wao wakauawa kwanza. Wengine walikuwa wamekwenda tu Mauritius kutibiwa, wakaambiwa hakuna meli ya kurudi.

Mei 22, 2025 Uingereza ikatia saini kuikabidhi Mauritius visiwa hivyo, huku ikibaki na Diego Garcia kwa kukodi miaka 99. Asubuhi ile wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikuwa wameukwamisha utiaji saini kwa saa kadhaa mahakamani London, wakilalamika kwamba wao hawakuulizwa. Mleta mada, hawa unawaweka upande gani?