Suite française au Half of a Yellow Sun: kipi kinamwonyesha vizuri zaidi mtu anayekimbia vita?

Msomaji_Kariakoo
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kusoma kinatafuta riwaya ya kihistoria kuhusu raia wanaokimbia vita, na mezani vimebaki vitabu viwili. Kimoja ni Suite française cha Irène Némirovsky: Juni 1940, Wajerumani wanaikaribia Paris na mji mzima unamiminika barabara za kusini. Kingine ni Half of a Yellow Sun cha Chimamanda Ngozi Adichie: Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitenga likapigana vita, 1967 hadi 1970. Nimevisoma vyote. Naelemea kwa Némirovsky, ila wenzangu wananilaumu kwamba nawapeleka Ulaya bure wakati Afrika ipo.

Sababu yangu ni Bi Péricand, mama tajiri na mcha Mungu. Safari inapoanza anafurahi kuona wanawe wanawagawia peremende wenzao wa njiani. Akishagundua kwamba maduka ya mji hayana kitu, anawageukia watoto wale wale na kuwakaripia kwa kugawa. Baadaye anaokoka na wanawe, anajihesabia: fedha zipo, vito vipo. Ndipo anakumbuka kwamba baba mkwe kasahaulika huko nyuma. Mzee wa watu! Sijasoma mahali pengine ubinafsi wa mkimbizi ukisemwa waziwazi hivi.

mamaNasra_Msa
Adichie, tena bila kufikiri mara mbili. Huyo Némirovsky anawacheka watu wake, na mimi kicheko hicho kilinichosha mapema. Chukua ile treni. Olanna, mhusika mkuu mmojawapo, anakimbia kutoka kaskazini mwa Nigeria baada ya mauaji ya Waigbo ya 1966, behewa limejaa pomoni, na kando yake kuna mwanamke mwenye kibuyu. Anakifunua. Ndani mna kichwa cha bintiye, nywele zimesukwa. Halafu mama yule anaanza kueleza zilivyokuwa nzito na kazi aliyoipata kuzisuka! Mwandishi hasemi "alikuwa na uchungu", anamwacha aongelee nywele. Olanna anafika nyumbani Nsukka, miguu inakataa kutembea. Nioneshe ukurasa wa Bi Péricand unaofikia hapo.

Ruzizi_Bkv
Dada, nakuheshimu lakini nipo na Msomaji. Mimi ni wa Bukavu, nilikisoma Suite française kwa Kifaransa chake. Kitu kimoja alikipatia sana: katika sehemu ya kwanza Mjerumani haonekani karibu kabisa. Kuna ndege, kuna uvumi, basi. Ndivyo ilivyo. Ukikimbia humwoni adui, unaona migongo ya watu, na kila mtu anakuambia habari tofauti: wamefika, hawajafika, daraja limekatwa. Na vituko haviishi. Mtu anaacha nyaraka zake anabeba sufuria.

Halafu kuna Langelet, yule mkusanyaji wa vyombo vya kauri. Anawarubuni vijana wawili wachumba wakalale, eti yeye atawalindia gari, kisha anaondoka na petroli yao. Watu kama huyo nawajua kwa sura.

Kasulu_Kwetu
Naona mnalinganisha vitu viwili tofauti. Kitabu cha Wafaransa kinahusu *kukimbia*: majuma machache ya barabara, kisha wengi wanarudi Paris na kufungua madirisha. Cha Adichie kinahusu *kuishi ukimbizini*. Familia inatoka Nsukka inakwenda Abba, kutoka Abba Umuahia, kutoka Umuahia Orlu, na kila wanapohamia maisha yanazidi kuwa ya dhiki. Foleni ya chakula cha msaada, watoto wenye kwashakoo, Odenigbo, profesa wa chuo kikuu na mume wa Olanna, anayeishia kwenye pombe. Mama yake Odenigbo anakataa katakata kutoka Abba, na hakuna kijiji kisicho na mzee wa aina hiyo.

Sisi wa Kigoma hili la pili tunalijua zaidi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Kuna watu wamezaliwa mle, wakaoa mle. Barabara ile ya siku chache wazazi wao huihadithia, lakini maisha yenyewe ni haya ya foleni.

Babu_Mzalendo
Vijana, msisahau kwamba Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, Aprili 1968. Kwa hiyo mkisoma cha Adichie mnasoma na historia yetu. Naendelea kufuatilia.

Mwalimu_Unguja
Ahsante Babu. Mimi naongeza suala la wakati. Adichie kazaliwa 1977, vita vimekwisha tangu 1970. Alikuwa na nafasi ya kuuliza wazee, kupanga, kurudi nyuma na mbele katika miaka. Némirovsky aliandika mambo yenyewe yakiendelea. Alikusudia sehemu tano, akamaliza mbili. Julai 1942 akakamatwa kwa kuwa Myahudi, Agosti akafia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mabinti zake wakajificha huku na huko na sanduku lenye daftari lake, na kitabu kikachapishwa 2004.

Lakini sitaki historia hiyo imfunike kila kasoro. Katika msafara wote ule hakuna Myahudi hata mmoja, wakati mwandishi mwenyewe alikuwa anabanwa na sheria za Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi.

mamaNasra_Msa
Ehe! Hilo ndilo lilikuwa linanikera nikashindwa kulitaja.

Ruzizi_Bkv
Mwalimu, labda aliliweka kwa zile sehemu tatu. Hatutajua. Ila mimi siwezi kumdai mtu anayewindwa aniandikie hofu yake waziwazi.

Msomaji_Kariakoo
Kasulu_Kwetu umenibadilishia swali lenyewe. Nimeongea na wenzangu: mwezi huu tunasoma sehemu ya kwanza tu ya Suite française, ile ya barabarani, maana inajitosheleza. Mwezi ujao Adichie, kizima. Mwenye nakala ya ziada ya chochote kati ya hivyo anipe taarifa kwa ujumbe wa faragha.

mamaNasra_Msa
Ningekuwa Dar ningekuja huo mwezi ujao tu.