Naombeni ushauri: mwanafunzi kanibishia kuhusu 4,294,967,297

Mwalimu_wa_Zamu: Habari za usiku wakuu. Nafundisha hisabati sekondari. Jumanne niliwaandikia kidato cha tatu ubaoni: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni namba tasa, na zote unazipata kwa kuchukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 kisha kujumlisha 1. Nikasema ya kipeo cha 32, yaani 4,294,967,297, nayo ni tasa. Ijumaa binti mmoja akasimama akasema si tasa. Tangu hapo sina raha. Nidhamu ya darasa nairudishaje? Nawasilisha.

Kichwa_Treni: Pole mwalimu. Enzi zetu ukimbishia mwalimu wa hesabu unafyeka uwanja mzima. Mimi nilifyeka wiki mbili kwa ajili ya sehemu tu!

Mama_Wawili: Heshima kwanza. Muite mzazi.

Hesabu_Tamu: Mkuu, binti alisema inagawanyika kwa ngapi? Hapo umeparuka.

Mwalimu_wa_Zamu: 641.

Hesabu_Tamu: Chukua 6,700,417. Mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni yenyewe. Jumlisha uone. Binti yuko sahihi. Hata Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini mwaka 1640 kwamba zote za namna hiyo ni tasa, hadi mwanahisabati mwingine, Euler, alipoipata hiyo 641 mwaka 1732.

Mwalimu_wa_Zamu: Najua, nilipiga hesabu usiku uleule. Ila nilikuwa nimeshamwambia kaibia kwenye simu, nikamchania kurasa mbele ya wenzake. Mzazi anakuja Jumatatu. Nafikiria kusema nilikuwa nawapima tu. Darasa lina watoto 70, ukikiri kosa moja hawakuamini tena.

Mama_Wawili: Ulimchania? Jamani!

Mzee_wa_Fitina: Hii chai. Kabla ya 641 kuna namba tasa 115. Mtoto gani wa kidato cha tatu atazigawanya zote?

Hesabu_Tamu: Si lazima zote. Kigawo tasa chochote cha namba hiyo ni lazima kiwe 64 mara kitu fulani, jumlisha 1. Tasa za hivyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu.

Mzee_wa_Fitina: Hayo kayajulia wapi? Chai, tena ya maziwa.

Mwalimu_wa_Zamu: Hakuyajua. Kurasa nimeziunga kwa selotepu, ziko mezani hapa. Kaanza na 3, 7, 11, 13, kaenda hivyohivyo kwa penseli, pande zote mbili. Kwenye 449 alikosea akafuta mpaka karatasi ikatoboka, akarudia. Kwenye 641 kagawanya 4,294 akapata 6, baki 448. Akateremsha 9, akapata 7, baki 2. Halafu sifuri mbili zinafuatana, pale ambapo darasa zima hurukaga moja. Yeye kaziandika zote mbili. Mwisho baki 0, kaizungushia duara.

Mzee_wa_Fitina: Nafuta kauli yangu. Mtoto wa simu hatoboi karatasi.

Hesabu_Tamu: Mzazi anafika saa ngapi?

Mwalimu_wa_Zamu: Saa nne. Kipindi cha kwanza ni changu.

Hesabu_Tamu: Basi mpe chaki kabla mzazi hajafika, nawe kaa kwenye dawati lake.