Mjadala: Fremu za maguta na baiskeli za mafundi wa mtaani zipigwe namba, au ziachwe kama zilivyo?

Mwanzisha mada
Mizigo ya Kariakoo, kuanzia viazi hadi mabomba ya maji, inatembea kwa maguta ya pedali, na mengi hayajawahi kuona kiwanda. Yametungwa na mafundi wa kuchomelea: mbele ni nusu ya baiskeli kuukuu, nyuma ni mabomba ya mraba, ekseli na magurudumu mawili. Mafundi wa aina hiyo hiyo ndio wanaounda baiskeli za kuendesha kwa mikono kwa watu wenye ulemavu. Hawana kibao wala stika. Ukimtaka, unaulizia.

Hoja yangu: kila fremu ipigwe namba ya fundi, na halmashauri iweke orodha yao hadharani. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kikitaka vyombo vya kazi, kinaenda kwa mwenye duka na risiti. Fundi anayejua kazi hapati hata kuulizwa bei. Mnasemaje?

Fundi wa gesi
Napinga. Orodha ikishafika halmashauri, wa kwanza kuisoma si mteja, ni mtu wa ushuru. Fundi akihamishwa kwenye hifadhi ya barabara leo, kesho yuko mtaa wa pili, na orodha yenu imeshapitwa na wakati. Halafu fremu mbovu haihitaji namba kujulikana. Inakatika, na mtaa mzima unajua nani kaitengeneza.

Mhandisi mitambo
Mtaa unajua nani kaitengeneza, lakini haujui kwa nini imekatika. Nikieleza, mtaona namba ina kazi gani.

Baiskeli zile nzito za zamani, kina Phoenix na Avon, mabomba yake yameunganishwa kwa vishikizo vya chuma na kuyeyushiwa shaba ndani. Fundi wa guta anakata nusu ya mbele, kisha anachomelea kwa umeme karibu na kile kishikizo. Shaba iliyobaki inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kukifanya kiwe na nyufa za nywele tangu siku ya kwanza. Rangi inazifunika. Miezi michache ya matuta na bomba linaachia, na anayelaumiwa ni dereva eti kazidisha mzigo. Dawa ni rahisi: kata bomba sentimita 5 au zaidi kutoka kwenye kishikizo, kwangua kwa grenda, angalia ndani. Ukiona wekundu au unjano wa shaba, kata tena.

La pili ni unene. Mabomba ya fremu hizo yana ukuta wa milimita 1.2 hivi, na pengine kutu imeshakula. Fundi ana rodi za milimita 2.5 tu, mashine iko kwenye ampea 80. Akikaa sekunde moja zaidi, tundu. Kwa hiyo anakimbiza mkono, na kinachobaki ni chuma kilichokaa juu ya bomba bila kushika. Kwa macho ni kazi safi, ina magamba mazuri kabisa. Rodi ya milimita 2.0 kwenye ampea 40 hadi 60 inaondoa tatizo hilo, ila bei yake kwa kilo iko juu na maduka mengi hayaiweki.

La tatu, bomba la maji lenye zinki. Usipokwangua zinki sentimita 2 au 3 kila upande, kiungo kinajaa vitundu kama sifongo, na moshi wake mweupe unampa fundi homa usiku ule ule.

Sasa fikirini fremu imeletwa kutengenezwa kwa fundi mwingine. Hajui kama kiungo kimeungwa kwa gesi na shaba au kwa umeme. Namba nayoitaka mimi isome hivi: namba ya fundi, mwaka, unene wa bomba, na herufi G kwa gesi au U kwa umeme. Hilo ndilo litakalookoa shingo ya mtu.

Fundi wa gesi
Hiyo G na U naikubali. Sikuzungumzia hiyo. Nilizungumzia orodha.

Mwalimu wa karakana
Mfano upo. Mbio za baiskeli za keirin za Japani, zilizoanza mwaka 1948, kwa wanaume huendeshwa kwa fremu za chuma, na wajenzi wengi ni karakana ndogo za mtu mmoja au wawili. Hakuna anayeingia uwanjani na fremu ya mjenzi asiyeidhinishwa, na vipuri vinapigwa muhuri wa NJS, yaani wa wasimamizi wa keirin. Yoshiaki Nagasawa, aliyejenga fremu za Koichi Nakano, bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli mara 10 mfululizo kuanzia 1977 hadi 1986, alikuwa na karakana ndogo tu. Usajili haukuwaua wadogo. Uliwafanya wajulikane.

Muuza vipuri
Mwalimu, keirin ni mchezo wa kubeti. Fedha ya wacheza kamari ndiyo inayolisha ukaguzi ule. Guta la viazi nani analilishia ukaguzi?

Mhandisi mitambo
Na ukaguzi kwa kipimo gani? Kiwango cha kimataifa cha baiskeli, ISO 4210, kina jaribio la kukanyaga pedali mara 100,000, lakini kimejitenga waziwazi na baiskeli za kusafirishia mizigo. Ujerumani ililazimika kutunga chake, DIN 79010, mwaka 2020, kwa ajili ya baiskeli za mizigo. Kwa hiyo ukiwaambia TBS, shirika la viwango, wapime guta, wataanza kwa kuuliza karatasi gani.

Pendekezo langu ni jaribio la uwanjani. Kama guta ni la kilo 300, pakia mifuko 9 ya saruji ya kilo 50, yaani mara moja na nusu. Kabla ya kupakia, funga uzi kutoka mwisho mmoja wa jukwaa hadi mwingine, pima pengo katikati. Pakia, acha saa moja, pakua, pima tena. Jukwaa likiwa limebaki limebonyea zaidi ya milimita 2, chuma kimezidiwa na fremu irudi kwa fundi. Mifuko inaazimwa dukani, inarudishwa.

Muuza vipuri
Jaribio zuri, lakini linapima jukwaa tu. Maguta mengi hukatikia shingoni, pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani, kwa breki na mashimo, wala si kwa uzito uliotulia. Na wengi wakitaka kuimarisha pale wanabandika bapa la milimita 4 lenye ncha butu. Bomba jembamba linakatika mwishoni mwa bapa, sentimita moja tu mbele. Bapa liwe jembamba, milimita 2, lichongwe ncha kama ulimi, na ile ncha isichomelewe kuvuka bomba.

Kuhusu kuwapata mafundi bila orodha, njia zipo. Muulize anayeuza mitungi ya oksijeni ni nani anachukua gesi na unga wa boraksi kila wiki. Huyo anayeyusha shaba kweli. Muulize muuza vipuri nani ananunua beringi za ekseli na vikombe vya pedali bila baiskeli. Ukifika kwake, usiangalie guta jipya. Omba kuonyeshwa lililofanya kazi miaka 3, na uangalie rangi ilipopasuka kwenye viungo. Kama hana jigi, yaani kiunzi cha kushikia mabomba wakati wa kuchomelea, hata ya mbao, endelea na safari.

Dereva wa guta
Ongezeni kitu kimoja: ekseli ya nyuma. Fundi asiyejua anafunga magurudumu yote mawili kwenye ekseli moja. Ukikata kona na mzigo, gurudumu la ndani linaburuzwa, tairi linaisha na ufunguo wa ekseli unakatika. Gurudumu moja lishike ekseli, la pili lizunguke huru kwenye beringi. Guta litavuta upande kidogo, lakini mkono unazoea.

Na uzi wa mhandisi unafaa hata kwa baiskeli ya kawaida: anzia kwenye kisigino kimoja cha nyuma, pale ekseli inapokaa, zungusha mbele ya bomba la usukani, rudi kisigino cha pili. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 3, fremu imepinda.

Mtoa huduma za viti mwendo
Mnazungumzia mizigo tu. Kwa mtu mwenye ulemavu, fremu ya kuagizwa ikija na saizi moja, ni hatari kuliko kiungo kibovu. Fundi wa mtaani ndiye anayeweza kupima mwili. Upana wa kiti ufuate nyonga. Urefu wa kiti ni kutoka makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6. Kikanyagio kifuate urefu wa mguu chini ya goti, toa unene wa mto. Pedali za mikono zikiwa juu ya mabega, misuli inachoka haraka. Asiyehisi makalio yake asikabidhiwe kiti cha mbao bila mto, atapata vidonda na hatajua.

Vipimo hivi viandikwe kwenye karatasi, fundi abaki na nakala. Ndiyo maana naunga mkono namba: mtu akirudi baada ya miaka 2 mwili umebadilika, fundi yeyote aione namba, aitafute karatasi.

Fundi wa gesi
Basi tukubaliane hivi. Namba ipigwe. Orodha ibandikwe kwa wauza gesi na wauza vipuri, sio halmashauri.

Mwanzisha mada
Mkopo hautolewi kwa karatasi ya ukutani kwa muuza gesi. Kikundi kitatakiwa kuleta bei iliyoandikwa na mtu mwenye TIN, namba ya mlipakodi.

Fundi wa gesi
Mwenye TIN ajitokeze kwa hiari yake. Asiye nayo aendelee kupiga namba. Msifanye namba kuwa mtego.

Mwalimu wa karakana
Ipigwe wapi? Kwenye bomba la milimita 1.2 nyundo itabonyeza ukuta na kuanzisha ufa.

Mhandisi mitambo
Chini ya bomba la ekseli ya pedali, ndipo pana chuma kinene. Herufi za milimita 4. Vikombe vya zamani vikazwe ndani kwanza ili mviringo usiharibike, na kumbuka cha kulia kina nyuzi za kushoto. Rangi ipakwe juu, lakini nyembamba.

Dereva wa guta
Na yaliyopo barabarani tayari? Fundi akichomelea kiungo kimoja tu, anapiga namba na kubeba lawama ya guta zima?

Mhandisi mitambo
Hapana. Kwa matengenezo, kibati kidogo kifungwe kwa waya karibu na kiungo alichokigusa: namba yake, tarehe, G au U. Viungo vingine havimhusu, maana hajui ndani mna nini.