Deni la mpangaji aliyeondoka linakatwa kwenye LUKU yetu: tuanzie wapi?

Mpangaji wa Kihonda

Ndugu zangu, salaam. Tumepanga Kihonda, Morogoro, kaya tatu kwenye mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), na tangu tuhamie hapa kila tunaponunua umeme fedha nyingi hukatwa kabla hatujapata uniti. Kwa shilingi 10,000 jirani yetu hupata uniti 28, sisi tunapata 14. Mwenye nyumba anasema ni deni la mpangaji aliyetutangulia, ambaye alikutwa ameichezea mita, na kwamba sisi tunaotumia umeme sasa hatuna budi kuvumilia mpaka liishe. Hajatuonyesha karatasi yoyote yenye kiasi cha deni hilo. Mmoja wetu ni mama mjane anayeuza barafu na juisi, na friji ndiyo inayowalisha watoto wake. Umeme ukiisha kabla hajapata fedha, mtaji wake wote huharibika. Naomba mwenye ufahamu atueleze: je, deni hili linatuhusu? Makato yanaweza kupunguzwa? Na mita ikibadilishwa, deni litaondoka?

Fundi wa Majumbani

Poleni sana. Naanza na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Mita ya LUKU haijui habari za fedha wala za deni. Inachopokea ni tokeni, yaani tarakimu 20 zinazoiambia iongeze uniti fulani, basi. Makato hufanyika kwenye mfumo wa mauzo, kabla tokeni haijatengenezwa. Deni limeandikwa kwenye akaunti ya mteja, kwa hiyo kubadilisha mita peke yake hakulifuti. Wapo waliotarajia kwamba maboresho ya mita ya mwaka 2024, yale ya kuingiza tokeni za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba, yangewaondolea madeni, lakini kazi ile ilihusu tu namna mita inavyohesabu tarehe za tokeni.

Sasa chukueni ujumbe wa ununuzi mliotumiwa kwenye simu, muusome mstari kwa mstari. Juu ya bei ya umeme huongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Ndiyo maana katika shilingi 10,000 umeme wenyewe ni kama shilingi 8,197, ambazo kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti humpa jirani yenu hizo uniti 28. Ninyi mnaopata 14, maana yake shilingi 5,000 zimeondolewa kwanza. Hata hivyo, si kila kinachoonekana kwenye mstari wa deni kimetokana na mita kuchezewa. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU, nayo huonekana hapohapo. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na nyumba ikikaa miezi bila kununua umeme, kodi hiyo hujilimbikiza. Yawezekana mnalipa vitu viwili vilivyochanganyika, na mpaka mtakapopata mchanganuo, hakuna anayeweza kuwaambia kwa haki ni kiasi gani kimebaki.

Mama Mwenye Nyumba, Mbeya

Nami napangisha vyumba, na nasema wazi kwamba mwenye nyumba wenu anawaonea. Ikiwa akaunti ile ina jina lake, basi mbele ya TANESCO, shirika la umeme, mteja ni yeye, na ndiye anayepaswa kufika ofisini na kitambulisho pamoja na namba ya mita, aombe maelezo ya deni kwa maandishi, kisha aombe makato yapunguzwe ili lilipwe kidogo kidogo. Akisema hana nafasi, awaandikie barua ya kuwaruhusu mmoja wenu aende kwa niaba yake. Kodi ya majengo pia ni wajibu wa mwenye jengo, kwa hiyo mnayo hoja ya kumwomba aipunguze kwenye kodi ya pango. Makubaliano yote yaandikwe, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi, maana maneno ya barazani husahaulika siku ya kudaiwa pango.

Mpangaji wa Kihonda

Asanteni sana, mama yangu wa Mbeya, umenipa nguvu. Kuna kijana amejitolea kutuunganishia umeme bila kupitia kwenye mita mpaka mambo yatulie, na wenzangu wawili wameanza kukubali.

Fundi wa Majumbani

Tafadhali wazuieni leo hii. Huo ni wizi wa umeme, na ukigunduliwa mtakadiriwa deni jipya ambalo safari hii litakuwa lenu kweli, mbali na hatari ya moto katika nyumba yenye watoto.

Kuna jambo jingine ambalo huenda linawaumiza kuliko mnavyodhani, nalo ni mita moja kwa kaya tatu. Ipo bei ya watumiaji wadogo, shilingi 100 kwa uniti, kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kaya inayotumia uniti 60 kwa bei hiyo ingelipa shilingi 7,320 pamoja na VAT na tozo, lakini kwenye mita ya pamoja, ambayo matumizi yake yamevuka kiwango hicho, uniti zilezile zinagharimu zaidi ya shilingi 21,000. Mwenye nyumba akienda kuulizia deni, aulizie pia gharama ya kila kaya kufungiwa mita yake. Malalamiko yapelekwe kwanza TANESCO kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Yasipopatiwa ufumbuzi, EWURA hupokea malalamiko ya watumiaji, na nakala hiyo mtaihitaji.