Mume hataki niende fildi ya popo, naombeni ushauri

Mwanamaabara: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamivu, natafiti virusi vya Marburg (vinaleta homa kali inayoua) kwa popo wanaokula matunda kule Kagera. Fildi inaanza mwezi ujao na mkataba nimeshasaini. Mume wangu, aliyeniunga mkono miaka yote, amegoma kabisa. Hatuongei. Nimshawishi vipi?

Mzee wa Hoja: Binti, ndoa kwanza. Popo hawatakuzika.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Machi 2023, Serikali ilipotangaza ugonjwa usiojulikana Bukoba Vijijini, kabla maabara haijasema ni Marburg, mdogo wangu alikuwa zamu wodini. Akirudi nyumbani anavua nguo uani, analala chumba cha nje, watoto wanamwona dirishani tu. Walikufa watu 6, akiwemo mhudumu wa afya. Yeye yupo salama, siku hizi anafuga ng'ombe wa maziwa na wanamlipa vizuri.

Kijana wa Mjini: Posho ya fildi ni bei gani? Hilo ndilo la kumwambia shemeji.

Shangazi Asha: Mwanangu, mume wa namna hiyo hagomi bila sababu. Kuna kitu hujasema.

Mwanamaabara: Sawa shangazi. Nina mimba ya miezi minne. Lakini nisikilizeni kwanza. Utafiti wa pango la Python, Uganda, ulionyesha kwamba wanaobeba virusi zaidi ni popo wadogo wa karibu miezi sita, na popo hawa wana misimu miwili ya kuzaa kwa mwaka. Nikikosa msimu huu nasubiri nusu mwaka, na hapo nitakuwa nanyonyesha. Bora sasa nina nguvu. Na tunavaa kinga mwili mzima.

Mzee wa Hoja: Na huyo aliye tumboni alisaini lini mkataba?

Shangazi Asha: Pango hilohilo la Python, mtalii Mholanzi aliingia 2008, akarudi kwao, akafa kwa Marburg. Uwiii!

Kinyozi Msomi: Chai hii. Kwanza popo, kisha mume, sasa mimba, kesho mapacha. Akaunti yenyewe ya juzi. Kama ni kweli, tuambie popo anatolewaje wavuni.

Mwanamaabara: Unavaa glavu mbili za mpira, juu yake ya ngozi, maana meno yake yanatoboa. Unamdhibiti kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, mwili umetulia kiganjani, mwenzako anatanzua nyuzi taratibu asivunje bawa. Unampima mkono, unampitishia pamba kinywani, kichupa cha sampuli kinaingia kwenye naitrojeni ya kimiminika ya kugandishia. Miwani imejaa ukungu, jasho linaingia machoni na huruhusiwi kujifuta. Situngi.

Bwana Mifugo: Mimi namwamini. Nimechukua sana sampuli za Homa ya Bonde la Ufa. Mdogo wangu, umeshajijibu: joto, jasho, kuinama gizani. Sampuli ikishawekwa kwenye dawa ya kuua virusi, vinasaba vinabaki vya kusoma. Kaa maabara, mwenzako aingie pangoni. Msimamizi anasemaje?

Mwanamaabara: Hajui bado. Naogopa nafasi atapewa mwingine. Na mwenzangu ni mgeni kwenye kushika popo.

Bwana Mifugo: Basi tatizo si mume. Mpigie msimamizi kesho asubuhi, na huyo mgeni anza kumfundisha.

Mwanamaabara: Nitampigia. Ila pango sijaliacha moyoni.

Mkulima wa Ndizi: Samahani, nje ya mada. Huku kwetu Kagera tunachota kinyesi cha popo pangoni, tunaweka kwenye migomba. Wazee wanataka popo wachomwe wote. Tukubali?

Mwanamaabara: Hapana mkuu! Msiingie, na msiwachome. Mgodi wa Kitaka, Uganda, waliwaua. Popo wapya walipohamia, kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya mara mbili ya awali, na 2012 Marburg ikawapiga watu wa eneo hilo. Hilo pango liko kata gani? Njoo inboksi sasa hivi.