Vichaka malishoni: jembe, dawa ama trakta?

Kip_Rongai
Wadau habari zenu. Nina shamba la malisho huku Rongai, Nakuru, limevamiwa na vichaka mpaka nyasi imebaki viraka viraka. Nataka hii kazi iishe kabla mvua ya Machi. Nimepewa bei, vijana wang'oe na jembe elfu nane kwa ekari, trakta isukume yote elfu kumi na mbili, ama ninunue dawa nipulizie mwenyewe. Mngekuwa nyinyi mngechukua gani? Pesa iko lakini si ya kuchezea.

NyarNyando
Vichaka gani? Ekari ngapi? Unafuga nini? Umekuja kama mtu anaingia kemisti anasema naumwa nipe dawa.

Mzee wa Gilgil
Rongai hiyo ni leleshwa, hata usiulize. Kata, choma makaa, pesa ya vibarua inarudi.

fundi_wa_molo
Mzee heshima yako lakini leleshwa ukikata inachipuka kwa kisiki, mwakani unapata shina moja limekuwa kumi, hata ukichoma moto inarudi tu. Na si mgeni, ni mti wa hapa hapa. Sisi ndio tulijaza ng'ombe nyasi ikaisha leleshwa ikapata nafasi.

Mzee wa Gilgil
Kijana unanifundisha leleshwa na mimi nimekua nikiweka majani yake kwapani kabla hizo marashi zenu zije?

Kip_Rongai
Poleni stima zilipotea. Si leleshwa. Ni hii ya vimaua vidogo, kichwa kimoja kina manjano na pinki pamoja, shina lina vimiba, jani ukilisugua linanuka vibaya, matunda yakiiva ni meusi. Ekari tano, ng'ombe saba na mbuzi wachache.

NyarNyando
Sasa umeongea. Hiyo ni lantana, kwetu tunaita nyabend winy, ndege wanakula hayo matunda na kuangusha mbegu kila mahali. Na kabla uulize bei ya trakta uliza ng'ombe watakuwa wapi siku ya kukata. Mimi nilikata yangu kiangazi, nikarundika kando ya boma nikisema ikauke nichome, nyasi hakuna popote. Mtamba wangu wa Friesian, madoadoa meusi na meupe, akavunja akaingia usiku akala hayo majani yaliyonyauka. Siku ya pili hatafuni hata kitu, kinyesi kigumu kama kokoto, macho ya njano, na hataki jua kabisa, anasimama chini ya mwembe hata ukimvuta. Siku ya nne ngozi ikaanza kubanduka, na hii ndiyo ilinishtua, sehemu nyeusi ziko sawa kabisa, ni zile nyeupe tu zinatoka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, pua imepasuka pinki. Wa kwanza kuitwa alisema ni kupe, akadunga sindano akachukua pesa yake akaenda. Wa pili ndiye aliuliza amekula nini. Akasema ini ndilo limeumia, ikiumia ngozi inachomwa na jua. Akampa mkaa wa dawa kwa mpira mpaka tumboni, tukamfungia kivulini wiki tatu nikimkatia nyasi na panga kila asubuhi kabla kazi.

fundi_wa_molo
Pole sana mama. Kip, trakta achana nayo. Ukipindua udongo mbegu zote zilizolala zinaamka na mvua ya kwanza. Ng'oa na jembe, mizizi itoke, chomea mahali pamoja mbali na mifugo.

Agrovet_Njoro
Jembe ekari tano utamaliza lini? Kata kisiki karibu na ardhi, paka triklopiri, dawa ya kuua vichaka, na brashi hapo hapo, dakika chache tu, ukingoja kisiki kikauke umepaka bure. Hiyo haiui nyasi. Dawa ya glaifoseti ukipulizia shamba zima unaua na nyasi pia, sasa umefungulia lantana mlango. Na soma lebo, inasema ng'ombe wakae nje siku ngapi.

fundi_wa_molo
Ulijua tu mwenye duka atasema dawa.

Agrovet_Njoro
Na mwenye jembe je? Mwambie ukweli, njia yoyote utarudia miaka miwili mitatu ukifuata miche. Hakuna kukata mara moja.

kijana_marigat
Nyinyi mnalia na lantana, kujeni Baringo muone mathenge, ule mti wa miiba. Ililetwa huku miaka ya 1980 ati izuie jangwa, sasa mbuzi wanakula zile maganda tamu meno yanaoza mpaka yanang'oka. Mbuzi kibogoyo alipelekwa mpaka kortini Nairobi kama ushahidi.

Mzee wa Gilgil
Makaa ya mathenge lakini ni mazuri. Gunia mnauza ngapi huko?

Kip_Rongai
Asanteni. Shida shamba ni letu na ndugu yangu na yeye ameshaongea na mtu wa trakta, anataka kupanda nyasi ya Boma Rhodes kote. Nimemwambia tuanze na ekari moja kando ya kisima na jembe halafu tuone. Jirani naye lantana ndiyo ua wake, amekataa kuikata, anasema inazuia mbuzi wangu.

fundi_wa_molo
Hapo kwa jirani ndiyo kesi yenyewe.

Kip_Rongai
@NyarNyando huyo mtamba alipona?

NyarNyando
Alipona. Pua imebaki na alama, na mpaka leo akipita karibu na hicho kichaka ni mimi nakimbia, yeye hajali.