Usukani ulionyooka au uliopinda: upi unafaa kwa baiskeli ya kila siku?

Kibega: Wakuu, habari za humu. Natafuta baiskeli ya kwendea kazini, kilomita kama 9, lami tupu ila magari ni mengi. Usukani ulionyooka nimeuzoea. Ule uliopinda kama wa baiskeli za resi unanivutia, sijui ni faida au ni macho tu. Waliotumia zote mbili naombeni ushauri.

Mnyororo: Penye magari chukua ulionyooka mkuu. Vidole viko kwenye breki muda wote, na kichwa kiko juu, unaona mbali.

Upepo_wa_Mbele: Mimi nakataa. Ukikaa wima kifua chote kinapokea upepo, na ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakupinga mara nne. Halafu mikono! Ulionyooka una mshiko mmoja, ukikaza safari kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi. Uliopinda unashika katikati, juu ya vishikio vya breki, au kule chini. Wengi hukaa juu ya vishikio, chini ni kwa upepo mkali na miteremko.

Mnyororo: Ganzi ya kilomita 9? Afunge vipembe kwenye ncha za usukani apate mshiko wa pili, yaishe.

Kibega: Nikinunua ulionyooka sasa, baadaye naweza kubadilisha?

Fundi Spoku: Hapo ndipo watu wanapoumia mfukoni. Usukani wenyewe si tatizo, tatizo ni vinavyofungwa juu yake. Bomba la ulionyooka lina unene wa mm 22.2 pale pa kushikia, la uliopinda mm 23.8, kwa hiyo breki na gia za huku hazivai kule. Kama breki zako ni za V, zile za mikono miwili inayobana rimu, zinataka waya uvutwe zaidi ya vile vishikio vingi vya resi vinavyovuta. Utabana mpaka mwisho na baiskeli bado inakwenda. Fremu nayo: ya usukani ulionyooka kwa kawaida ni ndefu, na uliopinda unasogeza mikono mbele zaidi. Mgongo utakudai. Nunua baiskeli iliyotoka kiwandani na usukani unaoutaka. Kwa njia yako, ulionyooka.

Kibega: Nimekuelewa fundi. Ila sukani nyingi zilizonyooka naona ni pana kuliko mabega yangu.

Fundi Spoku: Unakatwa kwa msumeno wa chuma, pande zote sawa. Kwanza sogeza ndani vishikio vya breki na mipira ya kushikia, uendeshe hivyo siku kadhaa, maana ukishakata haurudi.